Mnunuzi wa Kamba za Nguo

Lorne Dalgarno alikuwa na gari la kifahari, koti la sufu la rangi ya ngamia, na miaka hamsini na minane. Gari lilikuwa lake kihalali, koti lilikuwa la marehemu fulani, na ile miaka ndiyo iliyomkosesha usingizi. Utapeli ni kazi yenye raha zake, lakini hakuna ofisi ambako mtu anaingia akasema nimewaliza watu kwa bidii maisha yangu yote, naomba kiinua mgongo changu. Kwa hiyo Lorne alikuwa akitafuta dili moja la mwisho, dili lenye minofu, anunue chumba chenye baraza la jua kule kisiwani Tenerife na baada ya hapo adanganye watu kwa kujifurahisha tu.

Dili hilo lilimkuta Aberdeen, kwenye baa ya jirani na bandari, akila pai ya nyama. Meza ya pili alikaa mzee mwenye shingo nyekundu na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Huyo ni Dod Slater, mvuvi mstaafu wa kijiji chetu cha Portskellie, aliyekuja mjini kupimwa macho. Alikuwa akimweleza mhudumu, ambaye hakumuuliza, habari za umeme wa upepo.

Kwa kweli wakati ule pwani nzima ya kaskazini mashariki ya Uskoti haikuwa na habari nyingine. Mitambo ya upepo inayoelea ilikuwa njiani: minara mirefu kupita mnara wa kanisa lolote, imekalishwa juu ya maboya ya chuma na kufungwa kwa minyororo kwenye nanga, huko mbali ambako kina cha bahari hakiruhusu kusimika nguzo. Wakubwa walikuja kutuambia kwamba mitambo hiyo italeta faida kwa ukanda mzima. Walilipenda sana neno hilo, ukanda, kwa sababu ukisema ukanda hakuna mtu anayeweza kukuuliza mbona kwangu haijafika. Hata hivyo kila kijiji kilikuwa kimeshazitumia faida hizo kichwani kabla mtambo hata mmoja haujalowa maji.

"Watu wa upepo walikuja kupima ufuko wetu," Dod alimwambia mhudumu. "Maana umeme utatengenezwa baharini, sawa, lakini si lazima utoke? Unatoka kwa kebo nene kama paja langu. Na kebo haitaki kupanda majabali, mwanangu, inataka mchanga. Sasa mchanga wetu unaishia wapi? Kwenye kiwanja cha kuanikia nguo. Cha kina mama kile, kila nyumba na kamba yake, tangu enzi za bibi zao. Na mpaka leo hakuna aliyewahi kuwauliza bei."

Lorne aliacha kutafuna. Alikuwa anaijua vizuri ile biashara ya kebo. Mwenye haki ya ardhi inapopita kebo analipwa, na analipwa na watu wenye haraka, ambao mitambo yao imesimama baharini ikizunguka bure. Akamtazama mzee, akaona mtu asiye na hili wala lile, anayemwaga utajiri wa kijiji kizima mbele ya mtu anayeosha glasi. Roho yake ilimwambia hapa pana ulaji. Akalipa pai yake na hata bakshishi akaacha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake.

Kesho yake asubuhi gari lake lilikuwa Portskellie. Kiwanja alikikuta mbele ya nyumba zetu, kati ya ukuta na ufuko, nguzo zimepangwa na mashuka yanapiga makofi kwenye upepo. Na juu ya mchanga, kuanzia kwenye maji hadi nguzo ya kwanza, vilikuwa vimepigwa vigingi vya mbao vyenye utepe wa bluu, na kila kigingi kina alama ya kampuni ya upepo. Lorne alivifuata kimoja kimoja na viatu vyake vya ngozi, akajifanya mtu anayetazama shakwe.

Akauliza mkubwa wa kiwanja ni nani, akaelekezwa kwa Williamina Pirie. Sisi tunamwita Bi Mina. Ni mjane wa nahodha, mwalimu wa watoto wa Shule ya Jumapili, na mwenyekiti wa kamati ya kiwanja kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kugombea naye. Alimkaribisha Lorne jikoni, akampa chai na biskuti za siagi, akakaa kumsikiliza huku akifuma soksi.

Lorne alimwaga sera. Alisema ametumwa na bibi mmoja tajiri wa Kanada, mgonjwa, ambaye bibi yake mzaa mama aliondoka Portskellie na sanduku moja. Ndoto ya huyo mgonjwa ni kuzimiliki zile kamba ambazo wazee wake walianikia nguo. Hataki kubadilisha kitu, anataka tu afe akijua ni zake. Lorne alipofika kwenye kufa, sauti ilimkwama kidogo. Ilikuwa inamkwama pale pale siku zote.

"Wa ukoo gani huyo bibi?" Mina aliuliza.

"Slater," Lorne alijibu, maana njiani alipita makaburini na kuona nusu ya waliolala pale ni Slater.

"Maskini," Mina alisema, akageuza soksi. "Na wewe, mwanangu, una haja gani na kamba zetu?"

"Mimi? Mimi ni mjumbe tu, mama. Sina haja yoyote."

Mina alimtazama juu ya miwani kwa muda ambao Lorne aliuona mrefu. Kisha akasema yeye si mtu wa kumzuia mgonjwa asipate anachokitamani, ila kamba ni za kila mwenye nyumba, itabidi wote waitwe.

Wakaitwa. Nasikitika kusema kwamba siku ile wanawake wa Portskellie walionyesha tamaa ambayo mchungaji wetu aliikemea kwa wiki kadhaa baadaye, bila kutaja majina. Kila kamba ilikuwa na historia. Jessie-Ann Legge alisema kwenye kamba yake alianikia nepi za watoto wake wote, na kuiuza ni sawa na kuwauza watoto. Lorne akaongeza bei. Mwingine alikumbuka shuka ya arusi ya mama yake. Akaongeza. Mke wangu mwenyewe alilia mpaka nikampa leso, na alipomaliza kulia kamba yetu ilikuwa ghali kuliko jiko letu. Machozi yale yalikuwa ya kweli, nawaapia. Nimeishi na huyu mwanamke, najua.

Lorne aliona jasho linamtoka, lakini tapeli aliyenusa pesa hasikii baridi wala joto. Alipiga hesabu ya kebo, akapiga ya kamba, akaona bado anacheka. Tatizo lilikuwa moja: fedha alizokuwa nazo hazikutosha. Akaenda Aberdeen akauza saa yake. Hazikutosha. Basi akauza gari.

Jambo hili msilipite haraka. Gari lile ndilo lililomfanya aitwe bwana. Mtu akishuka kwenye gari lile hata uongo wake ulikuwa na viti vya ngozi. Alipokabidhi funguo alisimama kando ya barabara na koti la marehemu, akaliangalia likikata kona, na moyo ukamuuma kama anayesindikiza maiti. Alijua kwamba sasa hana kitu kingine duniani isipokuwa zile kamba. Kebo ikipita, atazeekea kwenye jua. Isipopita, hata hakutaka kufikiria.

Mkataba aliuandika mwenyewe kwa lugha tamu. Mina aliomba sentensi moja tu iongezwe, kwamba kamba zinauzwa kwa kufuata desturi za kiwanja. Lorne aliona ni jambo zuri la kizee, akaiweka mwanzoni kabisa kwa herufi za kupendeza. Hakuuliza desturi zenyewe ni zipi.

Aliambiwa siku hiyo hiyo, wino haujakauka. Desturi ya Portskellie ni kwamba kamba ni ya anayeianikia. Zamani wanaume walipotea sana baharini, nyumba zikabaki tupu, na kamba ya nyumba tupu ilikuwa inazozaniwa. Kwa hiyo wazee wa kike walikubaliana: Jumatatu ndiyo siku ya kufua, na kamba ikipita Jumatatu tatu mfululizo bila nguo, inarudi ilikotoka. Mpaka leo tunaifuata. Watu wana mashine za kukaushia jikoni, na bado Jumatatu utawaona wanatoka na beseni.

"Kwa hiyo huyo bibi wa Kanada lazima aanike," Mina alisema. "Au mjumbe wake."

Lorne akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Alihesabu nguo zake: mashati mawili na suruali moja ya ziada. Kamba zilikuwa zinaanzia kwenye gati na kuishia chini ya kanisa. Hapo Jessie-Ann, kwa moyo wa huruma, akajitolea kumwazima nguo zake chafu. Na wenzake, kwa moyo huo huo, wakajitolea pia.

Basi majira yale ya baridi tukamwona mtu aliyewahi kumuuzia diwani wa Dundee daraja akiamka alfajiri kutufulia. Alipanga chumba juu ya duka la mikate, na mvuke wa maji yake ya kufulia ukawa unachanganyika na harufu ya maandazi. Jumatatu ya kwanza upepo ulimnyang'anya shuka, ikaenda kumfunika ng'ombe wa watu. Ya pili alianika mashati kwa mabega na wanawake wakasimama ukutani wakimwangalia kwa masikitiko, maana kwetu shati linaanikwa kwa pindo la chini. Alipoanika nguo za ndani kwenye kamba ya mbele, mbele ya bahari na wapita njia, Jessie-Ann alimfuata kabisa.

"Wewe baba, unatangaza siri za nyumba za watu," alimwambia. "Hizo zinakaa kamba ya kati, mashuka yanazificha huku na huku. Mama yako hakukufundisha?"

"Mama yangu alipeleka nguo kwa dobi," Lorne alisema.

"Pole sana," alijibu Jessie-Ann, na alimaanisha.

Mara moja tu alijaribu ujanja. Redio ilitangaza dhoruba ya Jumatatu, yeye akaanika Jumapili asubuhi. Tulipotoka kanisani tulizikuta suruali za kijiji kizima zinacheza mbele ya nyumba ya Mungu. Kwetu Jumapili nguo haianikwi. Tulisimama tu kwenye ngazi, wazee kwa watoto, tukamwangalia Lorne mpaka akaanza kuanua mwenyewe, nguo moja moja, mbichi, na sisi tukiwa bado tumesimama.

Alivumilia. Kila Ijumaa alikwenda baa kunywa kidogo, na kila Ijumaa alimnunulia Dod Slater bia. Alimwonea huruma yule mzee, aliyepiga domo mjini na kuuza bahati ya kijiji chake bila kujua. Dod alizipokea bia zote kwa shukrani.

Mwishoni mwa majira ya baridi kampuni ya upepo ikaita mkutano ukumbini kueleza faida kwa ukanda. Lorne alipiga pasi koti lake, akakaa mstari wa mbele. Tulikuwa chini ya paa jipya, la kwanza kutovuja tangu niwe mtoto, na yeye hakujua bado kwamba lile paa ndilo gari lake.

Aliyetumwa na kampuni alikuwa binti mwerevu aitwaye Catriona Ogilvie, mwenye kiatu cha matope kidogo ili tumpende. Alituonyesha picha ukutani. Alisema ajira ni nyingi, na zitakuwa kwenye bandari kubwa. Alisema fursa ni nyingi, na zitafuata ajira. Kisha akaweka ramani, na kwenye ramani kulikuwa na mstari mwekundu unaotoka baharini kwenye mitambo hadi nchi kavu. Lorne aliufuata kwa macho. Mstari ulikuja kama unaelekea kwetu, ukakata kona, ukaenda kuingia Port Garvie, kijiji cha jirani.

Akasimama. Sauti yake safari hii ilikwama mahali ambapo haikuwahi kukwama.

"Samahani, binti. Hiyo ramani ina makosa. Kebo si inapita hapa, kwenye kiwanja cha nguo?"

"Hapana, bwana," Catriona alisema kwa upole. "Tulipima hapa mwanzoni kabisa. Chini ya ule mchanga ni mwamba mtupu, hautoboleki. Tuliwaandikia wanakijiji mwaka juzi." Akatabasamu. "Tunaomba radhi kwa vigingi. Mkandarasi wetu alisahau kuving'oa."

Lorne aligeuka nyuma. Ukumbi mzima ulikuwa unakula biskuti za siagi, macho kwenye sahani.

Alitoka nje hadi kiwanjani akakaa kwenye nyasi chini ya nguzo ya kwanza. Nguo zilikuwa kambani, alizianika asubuhi. Mina alimfuata na kikombe cha chai, akamwekea pembeni, akasimama.

"Mmenidanganya," Lorne alisema.

"Nani amekudanganya? Nitajie mtu na neno lake. Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, mambo hayo siyataki hapa."

Lorne alianza kutafuta. Dod alisema watu wa upepo walikuja kupima, na walikuja. Alisema kebo inataka mchanga, na inataka. Vigingi vilikuwa vya kampuni. Desturi ilikuwa desturi. Alirudi nyuma hadi kwenye ile pai, akapekua kila sentensi, na uongo pekee alioukuta ni bibi wa Kanada.

"Lakini mlijua kuna mwamba."

"Hukuuliza," Mina alisema. "Ungeuliza ningekwambia siku ile ile, na chai ungemaliza. Mimi nilikuuliza una haja gani na kamba zetu. Ungesema kebo, ningekujibu mwamba. Ukasema huna haja."

"Na Dod?"

"Dod ni kaka yangu. Alikwenda kupimwa macho, wakamwambia mazima. Akarudi tena kuhakikisha. Alipiga soga karibu baa zote za bandarini kabla wewe hujatega sikio."

Lorne akafunga macho. Mina akaketi kwenye ukuta, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na hasira.

"Nikuambie kitu, mwanangu. Walikuja hapa na picha zao ukutani. Wakasema upepo utaleta pesa Portskellie, tuwe na subira. Paa linavuja, tukawa na subira. Vijana wetu wanahama, tukawa na subira. Kebo ikaenda Port Garvie, kazi zikaenda bandari kubwa, sisi tukaachiwa vigingi. Tukasema sawa. Kama upepo umeshindwa kuleta pesa, labda utaleta mtu mwenye nazo. Ukakuleta wewe."

Lorne aliomba hata nusu ya fedha, arudishe kamba zote. Mina alimwuliza za kurudisha za nini. Jumatatu tatu si nyingi, asipoanika zitarudi zenyewe.

Hapo aliishiwa pozi kabisa. Alilia, na si kile kilio chake cha kazini. Alimwambia Mina umri wake, akamwambia hana gari, hana saa, hana mahali pa kwenda, na hata koti si lake. Mina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kamati ina nyumba za kupangisha wageni, nazo zinahitaji mtu wa kufua mashuka, mshahara ni mdogo, unalipwa kila mwezi bila kuzungushwa. Na kwa jinsi anavyopiga pasi, kina mama wamesema ni aibu kumwachia aende.

Huyo hapo mpaka leo. Mambo mengi niliyowasimulia ameniambia mwenyewe baa, kwa bia anazonunuliwa na Dod.

Mwaka uliofuata Catriona alipita tena na mpiga picha, akauliza kama tangu mradi uanze kijiji kimepata kazi yoyote mpya. Mina akamnyooshea kidole kiwanjani. Kijitabu cha kampuni kilipotoka, kikiwa na karatasi nzito ya kung'aa, ukurasa mzima ulikuwa wa Lorne kati ya mashuka, vibanio mdomoni, na chini yake maneno haya: "Portskellie: ajira ya kudumu, kwa hisani ya upepo wa bahari."

Mina alimpelekea kijitabu kiwanjani. Lorne alifuta mikono, akausoma ukurasa ule taratibu, akausoma tena na kidole kikifuata kila neno. Alikuwa ameajiriwa, ndiyo. Ajira ilikuwa ya kudumu. Aliyemleta alikuwa upepo. Akakifunga kijitabu, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Hakuna uongo hata wa dawa," alisema. "Miaka yote ile, Bi Mina, mimi nilikuwa nahangaika kudanganya."

Mina akamwambia wingu linakuja, aanue.